Kwa nini fomu moja ya tovuti hubadilika umbo Mwananyamala na Mbagala

KUJAZA fomu kwa njia ya mtandao kumekuwa sehemu ya maisha ya kila siku ya wakazi wa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tandale katika Wilaya ya Kinondoni hadi Tandika na Mbagala katika Wilaya ya Temeke.

Mwanafunzi anayeomba fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kijana anayetafuta kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mfanyabiashara anayesajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na msafiri anayeomba pasipoti kwa Idara ya Uhamiaji, wote hukutana na kitu kimoja: kisanduku kidogo cheupe kinachosubiri kujazwa.

Wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Huenda kwenye duka la stesheneri lililo jirani, wakamkabidhi kijana wa dukani karatasi yenye majina na namba zao, naye akaichapa kwa malipo. Jioni, mwombaji anapoifungua fomu hiyo hiyo katika simu yake, hushangaa kuona visanduku vimebadilika. Kilichokuwa kirefu kimekuwa kifupi, kimoja kimechomoza nje ya mstari, na tarakimu za mwisho za namba yake hazionekani.

Swali linalomjia ni la haki kabisa: je, namba yangu imetumwa nzima au imekatwa?

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, jinsi watengenezaji wa tovuti wanavyoweza kuiondoa kwa mistari michache tu, na namna mwananchi anavyoweza kujihakikishia kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.

Namba zisizosamehe

Ili kuuona uzito wa jambo hili, ni vyema kwanza kuzitazama namba ambazo Mtanzania hutakiwa kuziandika katika fomu.

Namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha hufuata mafungu ya tarakimu tano, tano na mbili. Ikiandikwa pamoja na vistari vyake vitatu, hufikia alama 23.

Namba ya mlipakodi ina tarakimu 9. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ambayo wengi huiita 'kontro namba', ina tarakimu 12. Namba ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka na alama zake za mkwaju, hufikia alama 15. Nayo postikodi ya kata ina tarakimu 5 tu.

Namba hizi hazina msamaha. Mtu akikosea herufi moja katika jina lake, ofisa anaweza kutambua kusudio lake. Akikosea tarakimu moja katika namba ya kitambulisho, mfumo wa kompyuta utamwambia kwamba mtu huyo hayupo, au utamfungulia taarifa za mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mwombaji anahitaji kuiona namba yake yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuituma.

Kivinjari hupima vipi?

Programu inayotumika kufungua tovuti huitwa kivinjari. Miongoni mwa zinazojulikana ni Firefox, Chrome, Safari na Opera. Kwa miaka mingi kompyuta nyingi za mikahawa ya intaneti zilitumia Internet Explorer ya kampuni ya Microsoft, ambayo toleo lake la 11 liliacha kuhudumiwa katika matoleo mengi ya Windows 10 tarehe 15 Juni 2022.

Tovuti haitumi picha ya fomu. Hutuma maelezo ya maandishi yanayosema, kwa mfano, "weka hapa kisanduku cha kuandikia chenye urefu wa herufi 20". Kazi ya kukichora kisanduku hicho huachiwa kivinjari, na kila kivinjari hukichora kwa mkono wake.

Fomu ziliingizwa katika kanuni rasmi za lugha ya HTML katika toleo la 2.0 lililochapishwa Novemba 1995. Humo mtengenezaji alipewa njia ya kutaja urefu wa kisanduku kwa hesabu ya herufi, kwa neno 'size'. Asipolitaja, kivinjari hujichukulia herufi 20.

Tatizo ni kwamba herufi hazilingani kwa upana. Katika fonti ya Arial, herufi 'm' ni pana karibu mara nne ya herufi 'i'. Kivinjari kinapoambiwa "herufi 20", hutumia upana wa wastani wa fonti, na namna ya kuupata wastani huo imekuwa ikitofautiana kati ya kivinjari kimoja na kingine. Kanuni za sasa za HTML husema wastani uzidishwe kwa idadi ya herufi pungufu moja, kisha uongezwe upana wa herufi iliyo pana kuliko zote. Hata hivyo, wastani hubaki kuwa wastani.

Mfano upo hapa hapa Kinondoni. Jina 'Mwananyamala' lina herufi 12, na jina 'Kijitonyama' lina herufi 11. Tofauti ni herufi moja tu. Lakini yakiandikwa kwa Arial ya ukubwa wa pikseli 16, la kwanza huchukua takriban pikseli 112 na la pili takriban pikseli 83. Kiswahili kina majina mengi yenye 'm', 'w' na 'a', hivyo kisanduku kilichokadiriwa kwa wastani wa fonti chaweza kuwatosha akina Lilian na kuwabana akina Mwanakombo.

Fonti nayo ina sehemu yake. Tarakimu 20 zikiandikwa kwa Arial ya pikseli 16 huchukua takriban pikseli 178. Zikiandikwa kwa Verdana ya ukubwa ule ule, huchukua takriban pikseli 203. Kisanduku chenye nafasi ya pikseli 180 kitaionyesha namba yote ya kitambulisho katika fonti ya kwanza, na katika fonti ya pili kitaonyesha tarakimu 17 kamili, huku tatu za mwisho zikikatwa au kufichwa.

Jambo hili huzidi kwa sababu visanduku vya fomu, kwa desturi ya vivinjari, havifuati fonti ya ukurasa. Mtengenezaji anaweza kuchagua fonti nzuri kwa maandishi yote ya tovuti yake, lakini asipoagiza waziwazi, visanduku vitatumia fonti ya mashine inayovifungua. Kompyuta ya Windows ina zake, ya Apple ina zake, na simu za Android kwa kawaida hutumia Roboto. Kisanduku kikubwa cha kuandikia maelezo marefu, kwa upande wake, mara nyingi hupewa fonti ya mtindo wa taipureta. Matokeo yake ni fomu moja yenye miandiko mitatu.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Sababu ya pili ya kutolingana ni mipaka ya kisanduku.

Tuchukue mfano wa mafundi wawili wanaoambiwa wajenge chumba cha futi 10 kwa 10. Mmoja hupima kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani. Mwingine hupima kwa nje, unene wa kuta ukiwa ndani ya hesabu. Wote wawili wametii agizo, lakini vyumba vyao havilingani, na kitanda kinachoingia katika cha kwanza chaweza kukataa katika cha pili.

Vivinjari vilifanya hivyo hivyo. Kanuni za lugha ya mitindo, CSS, zilizotolewa Desemba 1996, zilisema kwamba upana uliotajwa ni wa ndani peke yake. Mpaka na nafasi iliyo kati ya mpaka na maandishi huongezwa juu yake. Internet Explorer, hadi toleo la 5.5, ilihesabu kinyume chake: upana uliotajwa ulijumuisha vyote. Toleo la 6 la mwaka 2001 lilifuata kanuni, lakini kwa kurasa zilizojitambulisha kwa namna iliyotakiwa tu. Nyingine ziliendelea kupimwa kwa desturi ya zamani.

Hata ndani ya kivinjari kimoja mafundi hao wawili wapo. Kisanduku cha kuandikia hupimwa kwa ndani, ilhali orodha ya kuchagulia, kama ile ya mikoa au wilaya, hupimwa kwa nje. Mtengenezaji akiagiza vyote viwe na upana wa pikseli 200, na kisanduku kikawa na mpaka wa pikseli 2 na nafasi ya pikseli 3 kila upande, upana wake halisi utakuwa 200, jumlisha 4, jumlisha 6, yaani pikseli 210. Orodha iliyo chini yake itabaki na 200. Hapo ndipo fomu huonekana kama meno yaliyopishana.

Katika simu hasara huwa kubwa zaidi. Kisanduku kilichoagizwa kichukue asilimia 100 ya upana wa kioo, kisha kikaongezewa mpaka na nafasi yake, huzidi kioo. Upande wake wa kulia hutoka nje, na mwombaji hulazimika kuusogeza ukurasa kushoto na kulia ili asome alichokiandika.

Kuonekana na kuruhusiwa

Hapa kuna jambo ambalo wananchi wengi hulichanganya, na hata baadhi ya mafundi hulisahau. Urefu unaoonekana wa kisanduku na idadi ya herufi kinazozipokea ni mambo mawili tofauti.

Neno 'size' hutawala kinachoonekana. Neno 'maxlength' hutawala kinachopokelewa. Kisanduku kifupi kisicho na ukomo kinaweza kupokea tarakimu zote 20 ingawa kinaonyesha 17. Zilizobaki zimejificha, hazikupotea. Lakini kisanduku chenye ukomo wa alama 20 hukataa alama ya 21, hata kama kina nafasi tupu ya kutosha, na kwa kawaida hukataa kimya kimya.

Tuitazame fomu ya kufikirika ambayo mtengenezaji wake ameweka ukomo wa alama 20 kwa sababu namba ya kitambulisho ina tarakimu 20. Mwombaji anaiandika kama ilivyo kwenye kadi, pamoja na vistari, kwa mfano 19990101-00000-00000-00. Hesabu yake ni tarakimu nane na kistari, tano na kistari, kisha tano. Tayari ni alama 20. Kistari cha tatu na tarakimu mbili za mwisho hazitaingia.

Mwombaji ataona kisanduku kimejaa na ataamini kazi imekwisha. Mfumo utasema namba si sahihi. Kijana wa stesheneri ataichapa upya kwa namna ile ile, na itakataliwa tena. Ikiwa ni siku ya mwisho ya kupokea maombi, wawili hao watalaumiana bila kosa, wakati kosa limo katika hesabu ya vistari vitatu.

Dawa yake ni fupi

Habari njema ni kwamba maradhi haya yana tiba inayojulikana, na haihitaji vifaa vya gharama.

Hatua ya kwanza ni kuwaagiza mafundi wote wapime kwa nje. Agizo lenyewe ni 'box-sizing: border-box', nalo hutumika kwa visanduku, orodha na nafasi za maelezo marefu kwa pamoja. Internet Explorer ililielewa tangu toleo la 8 la mwaka 2009. Firefox ilihitaji liandikwe kwa kiambishi maalumu hadi toleo la 29 la mwaka 2014. Leo vivinjari vikubwa vyote hulikubali, na hakuna sababu ya kuliacha.

Hatua ya pili ni kuvilazimisha visanduku vifuate fonti ya ukurasa, kwa agizo 'font: inherit', na kuvitajia mpaka na nafasi ya ndani badala ya kumwachia mwenye kivinjari.

Hatua ya tatu ni kupima upana kwa kinachotarajiwa kuandikwa. Lugha ya CSS ina kipimo kiitwacho 'ch', ambacho ni sawa na upana wa tarakimu sifuri katika fonti inayotumika. Kwa kuwa katika fonti nyingi tarakimu zote zina upana mmoja, kipimo hiki kinafaa sana kwa namba. Namba ya kitambulisho yenye alama 23 ikipewa '26ch', itaenea pamoja na nafasi ya kupumua ya mpaka na ukingo. Fonti ikiwa Arial au Verdana, kisanduku kitapanuka au kupungua pamoja na tarakimu zenyewe.

Kwa ajili ya vivinjari vya zamani visivyokijua kipimo hicho, mstari wa 'width: 16em' huandikwa kwanza, kisha wa 'width: 26ch' hufuata. Kivinjari kisichouelewa mstari wa pili huuruka na kubaki na wa kwanza. Mwisho huongezwa 'max-width: 100%', ili kisanduku kisizidi kioo cha simu ndogo.

Hatua ya nne ni kuukagua upya ukomo wa 'maxlength'. Ni busara kuruhusu alama 23 au zaidi, kisha mfumo wenyewe uondoe vistari baada ya kupokea. Kompyuta inaweza kuondoa vistari kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Si haki kumpa mwananchi kazi hiyo.

Upana uliokadiriwa vyema ni ishara pia. Mwongozo wa usanifu wa huduma za serikali ya Uingereza, GOV.UK, huelekeza kwamba kisanduku kiwe na ukubwa unaolingana na jibu linalotarajiwa. Kisanduku cha tarakimu 5 humwambia msomaji, bila maneno, kwamba hapa ni mahali pa postikodi. Vikiwa na urefu mmoja vyote, ishara hiyo hupotea.

Simu na wazee wetu

Baadhi ya mafundi hupenda kupima kila kitu kwa pikseli kwa sababu fomu hupendeza katika kompyuta zao. Lakini mzee wa Keko au Mtoni mwenye macho hafifu huyakuza maandishi katika simu yake. Herufi zinapokua na kisanduku kikabaki kilekile, tarakimu huanza kufichika moja baada ya nyingine.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.0, iliyotolewa mwaka 2008, inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maudhui wala utendaji. Kipimo cha 'ch' au 'em' hukua pamoja na herufi, hivyo huwatendea haki wazee hao.

Kuna jambo jingine dogo kwa watumiaji wa iPhone. Maandishi ya kisanduku yakiwa chini ya pikseli 16, kivinjari cha Safari huukuza ukurasa wote pindi mtu anapogusa kisanduku, na sehemu ya fomu hutoka nje ya kioo. Kuanzia pikseli 16, usumbufu huo hauonekani.

Mtengenezaji pia asisahau kuueleza ukurasa kwamba upana wake ni ule wa kifaa kinachoufungua. Asipofanya hivyo, simu nyingi huuchora kana kwamba ni kwa ajili ya kompyuta, kisha huupunguza, na visanduku hubaki vidogo kama punje za mchele.

Mwananchi afanye nini?

Wakati tukisubiri fomu zote zirekebishwe, mwombaji anazo njia rahisi za kujilinda.

Akiwa kwenye kompyuta, aguse ndani ya kisanduku na kubonyeza kitufe cha 'End' kwenye kibodi. Kielekezi kitakwenda mwisho wa maandishi na kuzifichua tarakimu zilizojificha. Akiwa kwenye simu, aigeuze ilale kwa upana, au aguse kisanduku na kusogeza kidole taratibu hadi mwisho wa namba.

Ikiwa mfumo unaikataa namba aliyo na hakika nayo, ajaribu kuiandika bila vistari wala nafasi. Ikiwa mfumo una ukurasa wa uhakiki kabla ya kutuma, asome hapo kila namba akilinganisha na kadi yake, tarakimu kwa tarakimu, badala ya kumwachia kijana wa dukani peke yake. Mwishowe, ahifadhi nakala ya kilichotumwa, iwe kwa kuchapisha au kwa kupiga picha ya kioo.

Kwa upande wa watengenezaji, kipimo cha kweli cha fomu si kompyuta mpya ya ofisini. Ni vyema fomu ifunguliwe katika Chrome, Firefox na Safari, katika Opera Mini, katika simu ya bei nafuu yenye kioo kidogo, na katika kompyuta kongwe ya stesheneri. Ajazwe humo mtu mwenye jina refu lenye 'm' na 'w' nyingi, namba yenye vistari vyote, na herufi zikuzwe maradufu. Kasoro nyingi zitajitokeza ndani ya dakika chache.

Huduma za umma na za biashara zinazidi kuhamia mtandaoni, na dirisha la ofisi linageuka kuwa kisanduku katika kioo. Zamani mwananchi aliyekosea kujaza karatasi aliweza kurudishiwa na ofisa akaelekezwa kwa kidole mahali pa kusahihisha. Kisanduku hakina kidole. Kinachoweza kumpa mwombaji ni nafasi ya kuyaona maneno na namba zake zote, awe Mwananyamala au Mbagala, na hilo linahitaji mistari michache tu ya maandishi kutoka kwa yule aliyekitengeneza.